Je, Wajua? Raha ya Kibanda cha Uani

Je, wajua kwamba Roald Dahl, mwandishi wa hadithi za watoto zinazosomwa dunia nzima, aliwahi kuwa mkazi wa Dar es Salaam? Kampuni ya mafuta ya Shell ilimleta mwaka 1938. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipozuka mwaka uliofuata, alikwenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga la Uingereza. Mwaka 1940 ndege yake ilianguka jangwani huko Misri, akaumia mgongo, na maumivu hayo aliishi nayo hadi uzeeni. Mgongo huo ndio uliopanga samani za kibanda alichojenga baadaye bustanini kwake.

Je, wajua kibanda hicho kilikuwa na nini ndani? Kilijengwa miaka ya 1950 huko Great Missenden, Uingereza, na meza ya kuandikia hakikuwa nayo. Dahl alichukua kochi kuukuu la mtu mmoja lililokuwa la mama yake, akalitoboa tundu mgongoni, pale hasa palipokuwa pakimuuma. Juu ya mikono ya kochi alilaza ubao uliovikwa kitambaa cha kijani cha meza ya biliadi. Miguu aliipumzisha juu ya sanduku la safari lililojazwa vipande vya magogo. Siku za baridi aliitumbukiza miguu hiyo ndani ya mfuko wa kulalia, na hita ya umeme ikaning'inia kutoka darini. Mgeni angeingia asione kitu cha kusifu. Mwenyewe aliketi humo kwa miongo kadhaa na vitabu vikatoka. Ndiyo maana namshauri kila anayejenga kibanda nyuma ya nyumba yake aanze na kiti, na kama fedha ni chache, ziishie kwenye kiti.

Je, wajua kwamba mwandishi Virginia Woolf naye alifanya vivyo hivyo? Katika kibanda chake cha bustanini, kijijini Rodmell, Uingereza, alipenda kuandika akiwa ameketi kwenye kiti cha chini cha kuegemea, ubao ukiwa mapajani.

Je, wajua kwamba kuna kibanda kilichokuwa kikizungushwa kulifuata jua? Ni cha George Bernard Shaw, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka 1925. Kilisimama juu ya mtambo wa kuzungukia huko Ayot St Lawrence, Uingereza, upana wake ukiwa kama mita 2.4 tu kila upande, na jua likihama alikisukuma kikageuka. Ndani mlikuwa na kitanda chembamba, kiti, taipureta, hita na simu. Akakipa jina London, ili wageni wasiotakiwa waambiwe bila uongo kwamba mzee yuko London.

Je, wajua kwamba kwetu sisi tulio karibu na ikweta hesabu ya jua ni kinyume? Mchana jua hupita karibu na utosi, kwa hiyo kuta zinazoungua zaidi ni za mashariki na magharibi, asubuhi na alasiri linapokuwa chini. Madirisha makubwa yaelekee kaskazini na kusini. Upande wa magharibi panda mti au tundika jamvi. Kosa la dirisha la magharibi ni gumu kulirekebisha kwa pazia, kwa sababu joto huwa limeshaingia ndani kabla pazia halijafanya kazi yake.

Je, wajua kwa nini bati jipya linalong'aa huendelea kuunguza? Hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua, lakini joto lililokwisha kuingia hulitoa polepole mno. Rangi nyeupe hufanya kazi zote mbili, kurudisha mwanga na kutoa joto. Makuti yana njia yake: hewa hupenya katikati ya majani na joto hupanda likatoka. Sharti paa liwe na mwinuko mkali, la sivyo maji ya mvua hutuama na makuti huoza.

Je, wajua kwamba mwandishi Mark Twain alishikilia karatasi zake kwa vipande vya matofali? Mwaka 1874 shemeji yake, Susan Crane, alimjengea chumba cha pembe nane juu ya kilima, shambani kwake Elmira, jimbo la New York. Madirisha yalikuwa makubwa kuzunguka pande zake, na samani zilikuwa sofa, meza na viti vichache. Siku za joto aliyafungua yote, upepo ukavuma ndani, naye akaandika huku matofali yakizuia kurasa zisipeperuke. Sehemu kubwa ya kisa cha Tom Sawyer iliandikwa humo. Mwaka 1952 chumba kizima kilihamishiwa Chuo cha Elmira.

Je, wajua kwamba mwandishi wa Marekani Henry David Thoreau alitupa mapambo yake nje kwa sababu ya vumbi? Alikuwa na vipande vitatu vya mawe ya chokaa mezani. Alipoona kwamba vingehitaji kupanguswa kila siku, akavirusha dirishani. Kibanda chake kando ya ziwa Walden, mwaka 1845, kilikuwa na ukubwa wa kama mita 3 kwa 4.5, kitanda, meza, dawati na viti vitatu. Mwanamke mmoja alimpa mkeka wa kupangusia miguu, akaukataa. Huo mimi ningeupokea, hasa msimu wa masika, lakini kuhusu mawe nakubaliana naye kabisa: katika chumba kidogo, kila pambo ni kazi ya ziada.

Je, wajua kwamba kibanda cha mita 3.66 kwa 3.66 kimo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO? Le Corbusier, msanifu aliyechora majengo makubwa katika nchi nyingi, alijijengea kibanda cha mbao Roquebrune-Cap-Martin, kusini mwa Ufaransa, kikakamilika mwaka 1952. Dari iko mita 2.26. Vibao vya kufungia madirisha vina vioo upande wa ndani, vinavyoleta bahari na miti chumbani. Jiko hakuweka, kwani mlango mmoja ulifunguka kuelekea mgahawa wa jirani. Kiliingizwa kwenye orodha mwaka 2016.

Je, wajua kwamba mito ya sufi ina siri ndani yake? Kila uzi wa sufi ni mrija mtupu uliojaa hewa na wenye nta kwa nje, ndiyo sababu zamani sufi ilijazwa kwenye maboya ya kujiokolea majini. Kwa kibanda cha pwani, penye unyevu, mto wa sufi hukaa mkavu kuliko wa pamba. Utoe juani mara kwa mara, uupigepige ufumuke, na usiuache karibu na mshumaa wala kibatari, maana sufi hushika moto upesi sana.

Je, wajua kwamba feni ya kawaida humsumbua mbu kwa njia mbili? Mbu ni dhaifu wa kuruka, upepo humyumbisha. Tena feni hutawanya hewa tunayopumua, ambayo yeye huifuata kututafuta. Iweke chini, uielekeze miguuni, kwani mbu wengi hupenda kuuma huko. Neti ya dirishani bado ni ya lazima, na mlango wenye neti ujifunge wenyewe kwa springi.