Kuhama mkoa bila kugusa ada ya watoto

Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na kukodi lori zima kunaweza kumeza ada ya muhula. Mzazi, ulizia sokoni, kama Mabibo, lori lililoshusha viazi na linalorudi Mbeya tupu. Dereva atapunguza bei kuliko kurudi bila mzigo.

Kochi kuukuu ambalo nauli yake inazidi bei ya jingine huko uendako, liuze. Vyombo vifunge kwa nguo na mashuka.

Patana bei pamoja na ya wapakiaji na washushaji, muandikiane, na baki ya pesa itolewe mzigo ukifika. Vyeti, kadi za kliniki na sare za shule, panda nazo basi.