Kamera ndogo inapokataa kupiga picha tatu zenye mwanga tofauti

Jua linapokaribia kuzama, ukisimama ufukweni Kiriba upige picha ya mitumbwi, kamera inakupa shida. Ukiipimia mwanga wa anga, mitumbwi inatoka nyeusi. Ukiipimia mitumbwi, anga linakuwa jeupe pe. Shida ni hiyohiyo kwa anayepiga ndani ya nyumba ya bibi mlango ukiwa wazi.

Dawa yake ni kupiga picha tatu za kitu kilekile: moja ya kawaida, moja yenye mwanga zaidi na moja yenye mwanga pungufu. Baadaye unachagua iliyo bora, au unaziunganisha kwa programu ya kompyuta. Simu nyingi za sasa hufanya hivyo zenyewe. Kamera nyingi ndogo za zamani haziwezi, lakini baadhi ya Canon PowerShot, kama A570 IS na A590 IS, zinaweza kufundishwa kwa programu ya bure iitwayo CHDK.

CHDK haikutengenezwa na Canon, bali na watu wanaojitolea. Inakaa kwenye memori kadi na haifuti programu ya kiwandani. Ukiitoa kadi hiyo, kamera inarudi kama zamani. Kwa hiyo picha tatu zikitoka sawasawa, usikimbilie kulipa nauli kwenda kwa fundi mjini Musoma. Kagua kwanza mambo haya, kwa mpangilio huu.

1. Je, CHDK imewaka?
Ili iwake yenyewe, kitufe kidogo cha pembeni mwa kadi huwekwa upande wa LOCK. Usiogope, CHDK ikiwaka picha zitahifadhiwa kama kawaida. Lakini kamera ikikuambia kadi imefungwa, ujue CHDK haikuwaka. Huenda kadi haikuandaliwa vizuri, au faili ni la kamera nyingine. Kila aina ya kamera, na kila toleo la programu yake ya kiwandani, lina faili lake. Kamera ikiganda, toa betri, kisha tafuta faili sahihi.

2. Je, kamera iko kwenye kupiga mfululizo?
Hapa ndipo wengi hukwama. CHDK hubadilisha mwanga pale tu kamera inapopiga picha mfululizo. Weka kamera kwenye P badala ya AUTO, chagua alama ya picha zilizopangana, kisha shikilia kitufe bila kuachia mpaka usikie picha ya tatu. Ukiachia mapema, unaanza upya.

3. Je, kipimo kimewekwa?
Kwenye menyu ya CHDK fungua "Bracketing in Continuous Mode". Kwenye mstari wa TV weka 1 Ev, na aina iwe +/-. Hatua moja ya Ev huongeza mwanga mara mbili au huupunguza kwa nusu.

4. Je, kipimo kinajifuta?
Kama jana ilifanya kazi na leo imekataa, angalia "Clear Bracket Values on Start". Ikiwa imewashwa, kila ukiwasha kamera kipimo kinafutwa. Izime.

Mwisho, zima fleshi, kwa sababu inavuruga mwanga. Weka kamera juu ya jiwe au stendi, maana picha zilizotikisika haziunganiki vizuri.

Njia hii ina mipaka yake. Inafaa kwa vitu vilivyotulia: nyumba, majabali ya Butiama, mitumbwi iliyofungwa. Haifai kwa bibi harusi anayecheza, kwani kwenye kila picha atakuwa mahali pengine.

Jaribu nyumbani kwanza, ukipiga mlango wako mwenyewe. Usisubiri siku nyumba ya mzee inapobomolewa ndipo uanze kutafuta menyu. Nyumba hiyo hutaipiga picha mara ya pili.