Mitepe katika Michoro ya Kuta za Mwambao

Karibu na Ras Ngomeni, kaskazini ya Malindi, bahari imehifadhi mabaki ya merikebu ya mbao ambayo wataalamu wanaihesabu kuwa ya Wareno wa karne ya 16. Humo mlikutwa mikuo ya shaba na pembe za ndovu, na tangu ilipogunduliwa mwaka 2013 imechunguzwa kwa uangalifu mkubwa. Ama vyombo vya wenyeji, vilivyopita katika maji yale yale, havikubahatika hivyo. Mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila ya kupigwa msumari. Ulipochakaa ulioza, na kamba zake zikaoza pamoja nao. Ushahidi wa kale wa kazi hiyo, ukiacha maelezo ya wageni, hauna budi kutafutwa katika chokaa ya kuta.

Katika magofu ya Gedi, kusini ya Malindi, James Kirkman, aliyeanza kuyachimbua mwaka 1948, aliipa nyumba moja jina kutokana na chombo kilichochorwa ukutani mwake. Jina lenyewe halina usahihi wa kutosha, kwani neno alilolitumia huwatosha Waingereza kwa kila chombo cha tanga, hali Mswahili hutenga mtepe na dau, dau na jahazi, jahazi na mashua. Michoro ya namna hiyo imo pia Songo Mnara, karibu na Kilwa. Mwaka 1964 Peter na Margaret Garlake walichapisha uchunguzi wao juu ya michoro hii ya mwambao, na tangu hapo haikuwezekana tena kuipuuza kuwa ni mikwaruzo ya watoto.

Kiswahili chenyewe chatoa msaada hapa. Kitenzi kuchora hakitengi kazi ya kalamu na kazi ya patasi: mlango huchorwa nakshi, na picha nayo huchorwa. Aliyekwaruza chokaa kwa ncha ya kisu alikuwa akifanya kazi iliyo jirani na ya fundi wa milango. Mikono hiyo haikuwa na anasa ya rangi. Mstari peke yake ulibeba kila kitu, nao haukubeba mambo ovyo. Katika baadhi ya michoro tanga ni la pembe nne, kama lilivyokuwa tanga la mtepe lililosukwa kwa miaa, wala si la pembe tatu kama la jahazi. Mlingoti umesimama mahali pake na kamba zimevutwa kuelekea omo na tezi. Mtu asiyejua chombo huchora umbo la nje. Ni nadra akumbuke kamba.

Yafaa kulinganisha na Fort Jesus, Mombasa, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1593. Huko askari na mabaharia wa Kireno walichora ukutani, kwa masizi na udongo mwekundu, merikebu za kwao, na picha hizo sasa zimetunzwa katika makumbusho ya ngome hiyo. Msukumo ni ule ule, wa watu kuweka ukutani kazi waliyoijua. Lakini mchoro wa rangi huvuta macho ya mgeni, na mkwaruzo mweupe katika chokaa nyeupe huhitaji jua la asubuhi likipita ubavuni ili uonekane. Chokaa ikibanduka, hakuna kitakachosalia.

Hatari ya pili ni ya maneno. Kufikia miaka ya 1930 mitepe ilikuwa karibu kutoweka kabisa, na maelezo ya James Hornell juu ya mtepe na dau la Lamu, yaliyochapishwa mwaka 1941, yalitoka wakati chombo chenyewe kimekwisha kuwa kumbukumbu. Mkuku, mataruma na foromali ni maneno yaliyosalia kwa sababu jahazi liliyarithi. Msamiati wa kushona haukupata mrithi, kwa kuwa msumari hauhitaji sindano. Huko Unguja mtepe uliundwa upya na kuwekwa katika Beit al-Ajaib, lakini sehemu ya jumba hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Anayenakili mchoro wa Gedi leo angefanya vyema kwenda na nakala yake Lamu na Faza, kwa mafundi wazee wa vyombo, akaonyesha kila mstari kwa kidole na kuuliza jina lake.