Rangi ya garaji ikibanduka, tuulize betoni kwanza

Ndugu wafanyakazi, rangi ya sakafu ya garaji ikibanduka, mpiga rangi njo anabebeshwa kosa. Sisi wa sendika tunasema: tuulize betoni kwanza.

Kwa kawaida betoni mupya inangoja siku 28. Hata ya zamani inavuta maji toka mu udongo, zaidi sana wakati wa mvua. Maji yale yanasukuma rangi toka chini, inatoa malengelenge. Kipimo hakiombi pesa: tandika plastiki ya sentimeta 45 kila upande, bandika kando zote na skochi, acha masaa 16 ao zaidi. Ukikuta matone chini yake, ao betoni imekuwa nyeusi, usipake.

Mafuta ya mashini nayo ni adui. Osha na sabuni kali, kisha tonesha maji. Yakikaa juu kama shanga, mafuta ingali ndani. Yakinyweka, muzuri. Kisha sugua uso laini wa simenti mpaka ukwaruze mkono kama msasa. Bila vile rangi haina pa kushika.

Hapa tunakaza: kusugua kavu kunatoa vumbi ya silika, yenye kuharibu mapafu bila kupona. Tuombe mashini yenye kuvuta vumbi, ao maji, na maski ya kweli, hapana kitambaa. Ukitumia maji, acha ikauke, rudilia kipimo cha plastiki.

Shefu akisema "pakeni leo", delege aombe tarehe ya kumwanga betoni na matokeo ya kipimo, viandikwe. Karatasi ile njo italinda mshahara wa mpiga rangi.