Pafu Lililochoka Huuchosha na Moyo

Katika vijiji vyetu vya Unguja na Pemba, mtu mzima anayekohoa kila asubuhi na kutweta kwa safari ya kisimani huambiwa kuwa ana pumu, akapewa dawa ya kuvuta, na shauri likaishia hapo. Mara nyingi si pumu. Ni ule ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za pumzi, ambao Shirika la Afya Duniani liliuhesabu kuwa wa nne kwa kuua watu ulimwenguni: watu milioni 3.5 katika mwaka 2021 peke yake. Wala sigara siyo mshitakiwa pekee. Mama aliyepuliza kuni na makumbi kwa miaka 40, katika banda la jiko lisilo na dirisha, huenda hajapata kushika sigara maishani mwake, na mapafu yake yakaharibika vile vile.

Tunalotaka kulitilia mkazo leo ni kwamba maradhi haya hayakai kifuani tu. Binadamu ana mishipa ya fahamu asiyoitawala kwa nia yake, ambayo usiku na mchana huendesha mapigo ya moyo, shinikizo la damu, jasho na kazi ya tumbo. Imegawanyika sehemu mbili. Ya kwanza, iitwayo simpathetiki, huhimiza. Ndiyo inayouendesha moyo mbio mtu akifukuzwa na ng'ombe. Ya pili, parasimpathetiki, ambayo mshipa wake mkubwa huitwa vagasi, hutuliza. Kwa mwenye afya, sehemu hizi hupokezana zamu bila ya yeye kujua.

Kwa mgonjwa wetu zamu hiyo huvurugika. Shingoni, pale mshipa mkubwa wa damu ugawanyikapo, mna vinundu vidogo vinavyoionja damu. Oksijeni ikipungua, vinundu hivyo hupeleka habari ubongoni, nao ubongo huamuru sehemu ya kuhimiza izidishe kazi. Pumzi ndefu iliyoyatanua mapafu ingeipoza amri hiyo. Lakini yeye hupumua pumzi fupi za haraka, na kifua chake kimejaa hewa iliyokwama. Kwa hiyo hata akiwa amekaa barazani hana kazi, moyo wake hufanya kazi kama wa mtu anayekimbizwa.

Hayo si maneno ya kukisia. Mwaka 2001 madaktari wa Ujerumani waliingiza sindano nyembamba mno katika mshipa wa fahamu wa mguu wa wagonjwa ambao mapafu yao yameshindwa kazi, wakazipima amri zipitazo humo. Walizikuta nyingi mno kuliko za watu wenye afya. Na wagonjwa walipopewa oksijeni, zikapungua. Mwaka 2013 wenzao wa Copenhagen, waliokuwa wamewafuatilia maelfu ya wakazi wa mji huo kwa miaka mingi, walieleza kuwa katika kila daraja ya ugonjwa huu, wenye mapigo ya haraka wakiwa wamepumzika walitangulia kufa.

Msomaji atauliza: mbona basi wasipewe vidonge vya kuupunguza mwendo wa moyo? Jambo hilo lilijaribiwa Marekani kwa dawa ya metoprolo, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2019. Dawa haikuzuia kifua kubana ghafla, na walioimeza walilazwa hospitalini zaidi kwa sababu hiyo. Hata dawa ya kuvuta, ikivutwa ovyo kwa hofu, yenyewe huupiga moyo mbio. Kinachosaidia ni kuacha tumbaku, kuutoa moshi jikoni, kutembea kila siku kwa kipimo alichoagizwa mgonjwa, na kujifunza kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa. Ama oksijeni ya nyumbani, majaribio ya Marekani na Uingereza ya mwaka 1980 na 1981 yalithibitisha kuwa huwarefushia maisha wale ambao damu yao imepungukiwa sana nayo, mradi waivute saa 15 au zaidi kwa siku. Lakini mtambo wa kuichuja oksijeni huendeshwa kwa umeme, na Unguja haijaisahau miezi ile mitatu ya kiza, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010.

Tunawaomba wakuu wa afya waanzie kwenye yaliyo karibu. Kila anayefika kituoni kwa kikohozi cha muda mrefu akalishwe kitako, apumzike, kisha ahesabiwe mapigo ya moyo kwa dakika nzima, na idadi iandikwe kwenye kadi yake ili ilinganishwe na ya safari ijayo. Kazi hiyo yataka saa ya mkononi tu. Na kabla hajaandikiwa dawa ya pumu, aulizwe anapikia nini, na moshi wake unatokea wapi.