Maua Yasiyoogopa Sakitu

Ndugu mfanyakazi, wenzetu wa mashamba ya chai ya Limuru, Kericho na Mufindi wanaijua sakitu. Usiku mmoja wa anga safi hubabua chai, na maua ya mbele ya nyumba hayabaki. Lakini iko mimea ya majani manene inayostahimili.

Mmoja unatoka milima ya Drakensberg, huko Lesotho na Afrika Kusini, ambako theluji huanguka. Wataalamu huuita delosperma. Hutambaa chini, aina moja hutoa maua ya zambarau, nyingine ya manjano.

Kwa nini haufi? Baridi ikikaribia, majani hupunguza maji yake na sukari iliyomo huzidi, kwa hiyo hayagandi upesi. Kinachouua zaidi ni maji yanayotuama kwenye mizizi. Basi fanya hivi:

1. Inua tuta kimo cha shubiri moja.
2. Changanya udongo na mchanga wa mto na kokoto, nusu kwa nusu.
3. Kata kitawi cha urefu wa kidole. Kiache kivulini siku 2 au 3, kidonda kikauke, ndipo ukipande.
4. Chagua penye jua la kutwa. Usimwagilie kabla udongo haujakauka.

Tahadhari: mnyaa nao hupendeza, lakini sakitu huuua, na utomvu wake huunguza macho. Usiupande wanapocheza watoto.

Mbegu haihitaji fedha nyingi. Tuta moja likishika, mwenyewe aweza kuwakatia vitawi majirani wa kambi nzima.