Kupungua kwa Chembe Sahani katika Homa ya Dengue

Wilaya ya Gairo, iliyomegwa kutoka Kilosa mwaka 2012, iko kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma. Kwa sababu hiyo milipuko ya homa ya dengue, au kidingapopo, iliyotokea Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019 inawahusu pia watumishi na wakazi wake. Msafiri huweza kuumwa na mbu huko, na homa ikampanda siku kadhaa baada ya kurejea nyumbani.

Majibu ya kipimo cha damu huonyesha idadi ya chembe sahani, yaani chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda. Kwa kawaida huwa kati ya 150,000 na 450,000 katika milimita moja ya ujazo. Katika dengue huweza kushuka chini ya 100,000, kwani virusi hudhoofisha uboho unaozitengeneza, na kinga ya mwili huziharibu zilizopo. Hata hivyo, malaria nayo huzipunguza. Hivyo idadi hiyo peke yake haitambulishi ugonjwa.

Linalowapotosha wengi ni wakati. Chembe hizo hupungua zaidi kati ya siku ya tatu na ya saba, aghalabu homa inapoanza kupoa, na hapo ndipo mgonjwa huomba ruhusa ya kurudi kazini. Kumbe ndicho kipindi cha hatari: maji ya damu huweza kuvuja kutoka mishipani, damu ikawa nzito na msukumo wake ukashuka. Mvujo huo ndio unaoua zaidi, na ndiyo maana daktari hupima pia uzito wa damu.

Ndugu nao huhangaika kutafuta damu ya kumwongezea mgonjwa. Utafiti wa Singapore na Malaysia uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kuwaongezea chembe sahani watu wazima wasiotokwa na damu hakukuwakinga. Kipindi cha hatari kikipita, chembe hupanda zenyewe.

Mgonjwa anyweshwe vinywaji vya kutosha, na homa itulizwe kwa parasetamoli kwa kipimo kilichoelekezwa. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziepukwe, maana huzuia chembe chache zilizobaki zisifanye kazi. Akipatwa na maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, kutokwa na damu kwenye fizi au kulegea, apelekwe hospitali mara moja, hata kama mwili umekwisha kupoa.